Miaka tisa na visu vya kukunja: vilivyopanda bei na vilivyonitia hasara

Nimekusanya visu vya kukunja kwa miaka tisa sasa, na katika muda huo vimepita mikononi mwangu visu 34, ambavyo 19 kati yake ningali navyo. Sikuanza kwa mapenzi. Nilianza kwa sababu niliaminishwa kwamba kisu kizuri cha mfukoni ni akiba isiyooza, yaani unakiweka tu kabatini nacho kinajiongezea thamani chenyewe. Mambo hayakwenda hivyo. Visu saba vimepanda bei kwa kiasi cha kuonekana, vingi vimebaki palepale nilipovinunulia, na vichache sitapata hata nusu ya nilichotoa. Kwa kuwa tathmini nyingi za bidhaa hizi huandikwa siku ileile kisu kinapotoka kwenye kasha, nimeona niandike yangu baada ya kukaa navyo.

Kisu kilichonifunza kuliko vyote ni Case cha aina ya Trapper, namba 6254. Kampuni ya W.R. Case & Sons, ya Bradford katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, hueleza kisu kwa namba yake: tarakimu ya kwanza ni ya mpini, na 6 kwa kawaida ni mfupa uliochongwa vijishimo; ya pili ni idadi ya bapa; na 54 ndilo umbo la kisu chenyewe. Mwaka wa kutengenezwa, hata hivyo, hausomwi katika namba hiyo. Husomwa kwenye msuka, ile sehemu ya ubapa inayoingia mpinini, mahali unapogongwa muhuri wa kampuni. Mwaka 1970 Case walianza kugonga nukta kumi pamoja na jina lao, wakawa wanapunguza nukta moja kila mwaka hadi 1979 ikabaki moja, kisha mwaka 1980 wakarudi kwenye kumi na kuanza kupunguza upya.

Hapo ndipo nilipoteleza. Kisu changu kilikuwa na nukta saba, nikahesabu, nikapata 1973, nikalipa bei ya 1973. Miezi miwili baadaye, nikikiangalia kwa kioo cha kukuzia, niliona kwamba herufi S katika neno Case ilikuwa imevutwa na kupindwa kama mchoro wa radi. S ya namna hiyo ni alama ya mfululizo wa pili, ule ulioanza 1980, na kwa hesabu hiyo kisu changu kilikuwa cha 1983. Muuzaji hakunidanganya, alisema kina nukta saba, mengine niliyajaza mwenyewe kwa pupa. Ni kisu kizuri, mfupa wake una rangi ya asali iliyoiva na springi zake bado zina nguvu, lakini ile miaka kumi iliyopungua ilimeza faida yote, na imechukua miaka minane kwa bei yake kuifikia ile niliyolipa.

Baada ya umri, kinachofuata ni hali ya kisu, na katika hili wakusanyaji hawana huruma. Kisu ambacho hakijawahi kunolewa kinaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya ndugu yake wa mwaka uleule aliyefanya kazi shambani, hata kama huyo wa shamba anakata vizuri zaidi. Hutazamwa upana wa ubapa, kwa sababu kila kinoo kinapopita hula chuma kidogo; hutazamwa kama mpini una ufa kwenye ribiti; na hutazamwa kama bapa zote mbili zina muhuri unaolingana, maana wapo wanaong'oa ubapa uliovunjika na kuchomeka wa kisu kingine. Kisha kisu husikilizwa. Ubapa ukifunguliwa unatakiwa upande kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuyumba pembeni, na ukifungwa utoe mlio mkavu. Mwanzoni niliona jambo hili ni madoido ya wazee wenye muda mwingi. Sasa nami nakifunga kisu karibu na sikio kabla sijauliza bei.

Kwa kutojua hayo, niliwahi kuharibu kisu kwa mkono wangu mwenyewe. Kilikuwa cha chuma cha kaboni, kimeshika rangi ya kijivu inayokuja yenyewe kwa miaka mingi, nami nikaona ni uchafu. Nikakisugua kwa dawa ya kung'arishia metali jioni nzima hadi nikaona uso wangu ndani yake. Mnunuzi wa kwanza niliyemwonyesha alikitazama kwa sekunde tatu, akasema kimesuguliwa, akanirudishia. Ile kijivu ilikuwa ushahidi wa umri, na chini yake kulikuwa na michirizi myembamba ya gurudumu la kiwandani ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Kutu inayokula chuma ni jambo jingine, na hiyo ni lazima isimamishwe kwa mafuta na kitambaa laini; lakini rangi ya uzee iachwe.

Uhifadhi nao una mitego. Ala ya ngozi hukipendeza kisu machoni, lakini kemikali zilizobaki katika ngozi na unyevu wake huifanya shaba iote ukoko wa kijani na chuma kishike kutu, kwa hiyo visu vyangu hulala nje ya ala zake. Hatari zaidi ni mipini ya zamani ya seluloidi, aina ya plastiki ya mwanzo, iliyopendwa sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa rangi zake. Seluloidi ikizeeka huweza kuanza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi. Nilikuwa na kisu kimoja cha mpini wa namna hiyo ndani ya kasha lililofungwa vizuri, nikajisifu kwa unadhifu. Nilipolifungua baada ya msimu mmoja, visu vitatu vilivyolala karibu nacho vilikuwa na madoa mekundu, na chenyewe kimepasuka kwenye kona.

Kuhusu matoleo maalumu yanayotangazwa kuwa ni ya wakusanyaji, yenye namba, cheti na kasha la mbao, msimamo wangu ni mkali kidogo: nilinunua sita na hakuna hata kimoja kilichonilipa. Sababu yake si ngumu. Kila anayenunua kisu cha namna hiyo hukitunza, kwa hiyo baada ya miaka ishirini vyote bado vipo na vyote ni vipya. Linganisha na kisu R1123 cha kampuni ya Remington cha miaka ya 1920, chenye alama ya risasi kwenye mpini, ambacho wawindaji walikinunua ili wakitumie. Kilipotea porini, kilinolewa kikaisha, kilivunjika ncha, na vichache vilivyosalia vizima ndivyo vinavyogombewa. Kampuni ilipotoa nakala yake mwaka 1982 na kuendelea kutoa kisu kipya cha alama ya risasi karibu kila mwaka, ile ya kwanza ndiyo iliyopata jina, na zilizofuata nyingi hazikufika huko. Mimi nilinunua zilizofuata.

Kisu cha askari wa Uswisi chenye mpini wa alumini, modeli ya 1961 iliyotumika hadi ile ya 2008 ilipochukua nafasi, nakipenda kwa sababu mwaka wake umegongwa waziwazi kwenye msuka. Changu kimeandikwa 78. Vilitengenezwa vingi mno, hivyo hakitamtajirisha mtu, lakini ni mwanzo mzuri kwa anayejifunza. Visu vyenye mpini wa pembe za ndovu nimeviepuka kabisa, kwani tangu uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuvivusha mpaka kibiashara ni kujitafutia kesi.

Kuuza ni kugumu kuliko kununua. Kisu si dhahabu ambayo bei yake husomwa asubuhi. Unamngoja mtu mmoja anayetafuta mwaka ule na umbo lile, na anaweza kuchukua miezi saba kutokea. Wa mwisho kunijia alitaka picha za misuka yote miwili, mgongo wa kisu, na kisu kikiwa kimefunguliwa nusu. Kisha akaomba nimrekodie sauti ya kila ubapa ukifungwa. Alinijibu baada ya saa moja kwamba ule wa pili ni mvivu, akapunguza sehemu moja ya kumi ya bei. Nilikitwaa tena, nikakiweka sikioni, nikaufunga ubapa ule mara tatu, kisha nikakubali bei yake.