Usinunue mashine ya gemu kwa mtu anayekuficha mlango wa nyuma

Mitumba naijua. Friji, baiskeli, majenereta, vyote nimenunua Tanga hii hii, na hakuna aliyewahi kunikatalia kuangalia kitu ninachotaka kukilipia. Majuzi Ngamiani nimekataliwa. Tena kwa kelele, wapita njia wanasikia.

Kitu chenyewe ni Astro City ya Sega, ile mashine nyeupe ya Kijapani ya kuchezea umekaa, yenye skrini ya chogo. Naitaka kwa banda langu. Mabanda ya PlayStation yamejaa kila mtaa. Mimi nataka watu wawili wakae bega kwa bega, anayefungwa ampishe mwenzake. Na kwa wale wanaouliza, si dubwi. Kamari haimo.

Kwa nje ilikuwa nzuri, lazima niseme. Plastiki imegeuka manjano kidogo, basi. Nikainama nikakitazama kioo kwa pembeni kikiwa kimezimwa, maana chogo lililoonyesha picha ileile miaka na miaka hubaki na kivuli cha maandishi. Kivuli hakuna. Nikazungusha joistiki, pande zote nne zikaitika tik, tik, yaani swichi ndogo za chini bado hai. Kitufe kimoja cha kulia kinanata, hicho ni cha kubadilisha tu.

Nyuma, pale waya unapoingilia, kuna kibandiko: volti 100. Ndio umeme wa Japani. Wetu wa ukutani ni 230. Bwana yule akachukua adapta, ile ya kufanya pini mbili bapa ziingie kwenye soketi yetu ya pini tatu, na akawa anaipeleka ukutani! Nikamzuia mkono. Nikasema kwa upole kabisa, "Kaka, samahani, hiyo inabadilisha pini tu, umeme ni uleule. Transfoma ya kushushia huna?"

Akapandwa. "Wewe fundi au mnunuzi? Vitu vyangu vyote nachomeka hivi hivi."

Nikamwambia basi tusiwashe, anifungulie mlango wa nyuma nimulike na tochi ya simu. Sigusi kitu, kwa sababu chogo huweza kushika umeme mkali hata waya ukiwa umechomolewa, na mimi nina watoto. Akatia funguo mfukoni. "Wateja wa maneno nawajua. Hela hamna."

Hela ninayo. Nilikuwa nayo mfukoni pale pale, na Kirikuu ya kubebea ilikuwa inanisubiri nje.

Ndani ndiko mashine iliko, jamani! Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi, ikivimba kichwa ujue imechoka, na unaiona kwa macho. Betri iliyovuja inakula njia za shaba kwenye bodi. Na kwa hii hewa yetu ya chumvi, chuma kilichokaa stoo huweza kuliwa na kutu ndani huku nje kinang'aa. Aliniambia mna Street Fighter. Ipi? Hajui. Sasa kama ni bodi ya CPS-2 ya Capcom, ile ya miaka ya tisini inayobeba gemu lenyewe, betri yake ikiisha gemu nayo imekufa, maana msimbo wa kuifungulia unashikiliwa na betri hiyo. Hilo si jambo la kumuuliza muuzaji? Niulize nikishafika nyumbani?

Nikaondoka. Yule kijana anayemsaidia akanikimbilia hadi barabarani, ana adabu zake, "Bro, usichukie, mzee ndivyo alivyo." Akanionyesha kwenye simu picha aliyopiga siku walipoishusha kwenye kontena, mlango wa nyuma uko wazi. Nikaikuza. Vumbi, ndiyo, lakini kapasita vichwa vyake bapa, na kutu iko kwenye bawaba peke yake. Bodi haikuonekana vizuri. Kwa kilichoonekana, mashine ni safi! Hapo ndipo nilipokasirika zaidi ya mwanzo. Huna cha kuficha, halafu unamtukana mtu aliyekuepusha kuiunguza mwenyewe?

Nilianza kuandika hapa nikiwa na nia ya kuwaambia msikanyage kabisa. Sasa sijui. Vitu vyake vingine sivijui, huenda ni vizuri. Ukienda, nenda na fundi, na usikubali kiwashwe chochote kabla hujasoma kibandiko cha nyuma. Bei aliyonitajia haikuwa mbaya, na mashine ya namna ile sijaiona nyingine hapa mjini.

Lakini mimi kumfuata tena, hapana. Aliniambia sina hela mbele ya watu. Kijana namba yangu anayo, mzee akitaka kufungua mlango anipigie. Transfoma nimeshaagiza Dar.