Bosi, miaka 11, na kipimo cha damu nilichokaribia kukikataa

Nilipoambiwa Bosi apimwe damu kabla ya kukatwa uvimbe ubavuni, nilijua nakamuliwa. Mbwa anakula, anabweka, anamkimbiza paka. Damu ya nini tena?

Aliyenibadili ni yule daktari aliyekaa nami akapita karatasi ya majibu mstari kwa mstari. Chembe nyekundu asilimia 44 ya damu. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55. Chembe sahani zipo za kutosha, basi hofu ya kuvuja damu ikapungua. Ini limelalamika kidogo, si la kutisha. Halafu kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja: imegusa ukingo wa juu. Nikasema, si bado iko ndani? Akacheka. Kumbe kreatinini haipandi mpaka figo zimepoteza karibu robo tatu ya uwezo wake, na kwa kuwa inatokana na misuli, kwa mzee aliyekonda kama Bosi huweza kuonekana nzuri kuliko hali ilivyo. Akataka na mkojo. Ukatoka mwepesi kama maji ya kisima, yaani figo zinashindwa kuukoleza na maji yanapotea. Hapo ndipo nilipokumbuka lile bakuli la maji nililokuwa najaza mara mbili kila siku, nikisingizia joto.

Mpango ukageuka. Dripu ikatangulia nusu kaputi, shinikizo la damu likaangaliwa muda wote wa upasuaji, na ile dawa ya maumivu inayoelemea figo ikafutwa, akapewa nyingine. Bila karatasi ile angerudi nyumbani na vidonge hivyo hivyo, nami ningempa kwa mkono wangu.

Sasa lawama. Hakuna aliyeniambia Bosi asile. Alikuja ameshiba, damu ikajaa mafuta, maji yake meupe kama maziwa, kipimo hakisomeki. Tukarudi kesho yake, mzee akachomwa shingoni mara ya pili, na aliniangalia jicho ambalo sijalisahau. Neno moja tu kwenye simu lingetosha: asile tangu usiku, maji anywe. Na kijana wa mapokezi aache kusema kipimo hiki "kinaonyesha kila kitu". Moyo hakiuonyeshi. Wa Bosi ulisikilizwa kwa sababu niliomba mwenyewe.

Nyuzi zimeshatolewa, na mkojo tunaupima tena hivi karibuni. Nyota nne. Ya tano Bosi ameikataa.