Mafunzo ya akiolojia ya chini ya maji Mombasa: nilikwenda bila kujua kupiga mbizi

Kila anayesikia nimehudhuria mafunzo haya huniuliza: wewe usiyezamia ulifuata nini? Nilifuata kazi yenyewe. Kuzamia ni nauli tu ya kufikia kazini. Ukishafika chini, kilichobaki ni kupima, kuchora na kuandika, na hayo mtu wa nchi kavu anayaweza vizuri tu.

Waandaaji sitawataja, kwa kuwa nina lawama kidogo nao. Nianze na mazuri.

Zoezi la kwanza tulilifanya sote ukumbini, wazamiaji na sisi wengine. Sakafuni walitandaza vigae vya mtungi, matofali na kipande cha bomba, ambacho tuliambiwa tukihesabu kuwa mzinga wa meli. Unachukua tepu, unapima umbali wa kitu kutoka kwenye alama tatu zilizowekwa pembeni, kisha unachora matao matatu kwa bikari kwenye karatasi. Matao yakikutana mahali pamoja, umepima sawa. Yakiacha kijipembetatu katikati, ama tepu ililegea ama kuna aliyesoma namba vibaya. Nililipenda sana zoezi hili kwa sababu kosa haliwezi kujificha.

Kisha wazamiaji wakarudia kazi ileile ndani ya bwawa la kuogelea, nasi tukiwatazama kutoka juu. Penseli isipofungwa kamba inaelea na kukukimbia. Hakuna kuulizana, ni ishara za mikono tu. Ukijivuta kidogo tepu nayo inapinda. Kundi moja lilitoka na mchoro ambao mzinga umekaa nje ya ukuta wa bwawa! Tulicheka, ila nilielewa kwa nini mkufunzi alisisitiza kila mbizi iwe na mpango ulioandikwa kabla ya mtu kuvaa mtungi wa hewa: hewa ina mwisho, na baharini kadiri unavyokwenda chini ndivyo muda unavyopungua.

Walitupeleka pia kwenye makumbusho ya ngome ya Fort Jesus kuona vitu vya Santo António de Taná, manowari ya Wareno iliyotoka Goa kuja kuiokoa ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani. Ilizama hapo chini ya ngome mwezi Oktoba 1697, na ngome yenyewe ikaanguka Desemba 1698. Uchimbaji wake ulifanywa kati ya 1977 na 1980, ukiwashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nimepita hapo Fort Jesus tangu utotoni, lakini safari hii nilitazama michoro ya mbao za meli kuliko sahani za Kichina. Umbo la meli lilipimwa, likachorwa, likafunikwa tena palepale chini. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini wasiitoe. Mkufunzi akamtolea mfano wa Vasa, meli ya kale ya kivita iliyozama Sweden: iliinuliwa mwaka 1961, ikanyunyiziwa kemikali kwa miaka 17 ili mbao zisinywee na kupasuka zikikauka. Nani atalipa gharama hiyo? Ndiyo maana mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji unataka kuacha vitu mahali vilipo liwe wazo la kwanza kabla ya jingine lolote, na unakataza kuvichuma kwa biashara.

Siku iliyonifaa zaidi ilikuwa ya ufukweni. Tulipewa jahazi bovu lililotelekezwa kwenye tope, kundi letu la wasiozamia tukalipima lote: mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, mataruma, yaani mbavu zake, na mbao za ubavuni. Walikuwa wamemwalika mzee mmoja fundi wa majahazi. Nilikuwa nachora taruma moja kama mengine, akainama, akapitisha kidole kwenye misumari. "Mwanangu, hili limetiwa baadaye. Tazama, haya mengine yana misumari ya pembe nne, ya kufuliwa na mhunzi. Hili lina ya duara, ya dukani." Baada ya hapo tulikagua taruma kwa taruma, na mchoro wetu ukaanza kuonyesha matengenezo ya chombo, si umbo lake peke yake.

Sasa lawama. Siku hiyo iliangukia maji mafu. Bahari haikupwa vya kutosha, na nusu ya jahazi tuliipima tukiwa tumezama magotini. Mvuvi yeyote angewaambia wangoje bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambapo bahari hukupwa sana, lakini naona walitazama wikendi badala ya mwezi. Isitoshe, wazamiaji walipokwenda kwenye maji ya kina, sisi tulikaa kwenye boti isiyo na turubai, jua la saa saba utosini, bila kazi yoyote. Wangeweza kutupa daftari la kuandika nani kashuka, nani kapanda na saa ngapi. Wenyewe walisema ni sehemu ya kazi.

Kwa mwalimu wa historia, mwongoza watalii au mtu wa makumbusho, ada nahisi inalipa. Mzamiaji anayewinda dhahabu abaki kwao. Ukitaka kujiandikisha, beba kofia, viatu vya kukanyagia tope na penseli zako mwenyewe, na kabla ya kulipa uliza siku ya ufukweni ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo.