Sabuni na maji, au kitakasa mikono: muuguzi wa wagonjwa mahututi atumie kipi?

Katika wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali ya rufaa, kama zilizopo Moshi, muuguzi hugusa mrija wa kupumulia, mpira wa mkojo na dripu mara nyingi ndani ya saa moja, na hapo ndipo kitakasa mikono chenye spiriti kinapoizidi sabuni: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataja sekunde 20 hadi 30 za kukisugua, ilhali kunawa huchukua sekunde 40 hadi 60, mbali na hatua za kulifuata sinki. Chupa hukaa kando ya kitanda, sinki halihami.

Hata hivyo, mikono iliyochafuka kwa damu au kinyesi haina budi kuoshwa kwa sabuni na maji tiririka, vivyo hivyo baada ya kumhudumia mgonjwa anayeharishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, kwa kuwa spiriti haiui spora zake, yaani chembe zenye ganda gumu ambazo bakteria huyo hujihifadhi ndani yake. Kuhusu ngozi, kitakasa chenye gliserini huikausha kidogo kuliko sabuni, ingawa wengi huamini kinyume, pengine kwa sababu spiriti huwasha palipokwisha kuchubuka. Kwa kazi za kawaida za zamu ningechagua chupa. Glovu hazichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo viwili.