Leza ya nywele kwa ngozi nyeusi: uliza 1064 kabla hujalipa

Haya watu wangu, mambo vipi, leo tuko na hii kitu hapa mezani, hii mashini nyeupe ya mkono, ile mnaona kwa matangazo dada anajipitishia mguuni huku anacheka. Wengi mmeniuliza kama hii ni leza. Hapana. Hii ni IPL, inatoa mwangaza wa rangi nyingi kwa pamoja, leza inatoa moja tu, na kwa sisi weusi hiyo tofauti ndiyo inaamua kama utatumia pesa ama utaichoma pamoja na ngozi.

Vile inafanya kazi ni hivi. Ndani ya unywele kuna melanini, ile rangi nyeusi. Ukiipiga mwangaza inaumeza, unageuka joto, joto linashuka mpaka kwa kinyweleo na kuunguza zile seli zinazootesha unywele. Anderson na Parrish, madaktari wa Marekani, waliliandika hilo wazo 1983 na mpaka leo mashini zote huko Kilimani na Westlands, Nairobi, zinatembelea hapo hapo. Sasa shida, melanini iko kwa ngozi pia! Mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, mwangaza unapita tu unaenda kwa unywele. Wewe na mimi, ngozi inameza kwanza, kama shati jeusi kwa jua la Januari, ndio unaona mtu ametoka na malengelenge, na yakipona yanaacha madoa meusi miezi na miezi.

Oneni nyuma ya boksi. Kuna hizi rangi za ngozi zimepangwa, na hizi za mwisho zimewekwa alama ya X. Mimi niko hapa kwa X. Nikiiweka mkononi, subirini… mmeona? Taa inawaka lakini haipigi, sensa, kile kihisi kinachosoma rangi ya ngozi, imekataa. Na mimi naona hiyo sensa ndiyo kitu kizuri kuliko vyote kwa hii mashini, ya kuogopa ni zile za bei ya kutupa hazina sensa, zinapiga yeyote. Kwa hivyo kama we ni mweupe ama maji ya kunde mwepesi hivi na nywele nyeusi, nunua tu, itakusaidia miguu. Mweusi kama mimi, usinunue. Hiyo nimemaliza.

Sasa kliniki. Ukifika mapokezi utaambiwa ati "mashini yetu ni ya ngozi zote." Sawa dada, inaitwa nani? Kuna leza ya aleksandraiti, nanomita 755, yaani urefu wa wimbi la mwangaza wake, hiyo ni ya ngozi nyeupe. Kuna daiodi, karibu 810, huyo ni wa katikati, mtu mwenye uzoefu anaweza kukufanyia nayo akiwa mpole na mipangilio. Halafu kuna Nd:YAG, 1064. Huo mwangaza unashuka chini zaidi na melanini ya ngozi haiumezi sana, ndio maana ndiyo salama zaidi kwetu. Ubaya wake, nywele nyembamba zinaisumbua kidogo, na inauma, hasa kwapa na bikini, msidanganywe na mtu. Uliza pia kama watakujaribia kwa sehemu ndogo kwanza, na kama kuna miwani ya kukinga macho. Wakianza kukuzungusha, chukua mkoba uende. Daktari na kliniki unaweza kuwatafuta kwa orodha ya KMPDC, lile baraza la madaktari la Kenya, iko mtandaoni, ni dakika chache.

Na hakuna mambo ya mara moja na kwisha. Nywele haziko zote kwa hatua ya kukua wakati mmoja, na leza inaua zile zinakua tu, kwa hivyo kawaida ni mara 6 hadi 8, zikiachana wiki 4 mpaka 8 kulingana na sehemu, halafu baadaye unarudi kupigwa kidogo zile zimebaki. Hata FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, inaruhusu wenye mashini waseme "kupunguza kwa kudumu," kuondoa zote kabisa hapana. Kabla ya kwenda nyoa na wembe, lakini wax, uzi na kibanio weka kando kama mwezi mzima, maana ukishang'oa mzizi leza itapiga nini? Na kama unapaka retinol, krimu za kung'arisha, ama unameza dawa za chunusi, sema, usione aibu.

Wanaume mnaotokwa na vipele shingoni kila mkitoka kinyozi, hii 1064 inawafaa sana, pengine kuliko sisi, kwa sababu nywele zikipungua hakuna za kujikunja zirudi ndani ya ngozi.

Wasichana wa ndevu za kidevu, hapo polepole. Ikiwa ni homoni, kama PCOS, ile shida ya homoni na ovari, muone daktari kwanza, la sivyo zitakuwa zinarudi tu na wewe unalipa tu. Na zile nywele laini za shavuni usiziguse, kuna watu leza inawaotesha zaidi, ndiyo, inaotesha!

Mvi je? Hazina melanini, leza haizioni. Hapo ni elektrolisisi, sindano ndogo inaingia kwa kila kinyweleo na umeme kidogo, moja baada ya nyingine, kwa hivyo mguu mzima sahau, lakini kwa zile chache za mama kidevuni inafanya kazi vizuri.