Muziki kwenye spika, kikao masikioni: ununue nini?

Laptopu nyingi zina tundu moja tu la hedifoni, na ukichomeka pini pale, spika za ndani zinanyamaza. Mtu anakwenda dukani kuomba kitu cha kutoa sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja kwenye spika na nyingine masikioni, muuzaji anampa waya wa Y: pini moja, matundu mawili. Akifika nyumbani anakuta wimbo uleule uko kwenye amplifaya na uko masikioni. Waya ni mzima, kazi yake ndiyo hiyo. Ili sauti zitengane, kompyuta lazima ione vifaa viwili vya sauti, kila kimoja na jina lake kwenye mipangilio. Kitu kisichoongeza jina jipya kwenye orodha ile hakikusaidii.

Kabla hujatoa hela, tazama ulichonacho. Runinga uliyoiunganisha kwa HDMI tayari ni kifaa cha pili: filamu ya watoto itatoka huko, wewe ubaki na mambo yako kwenye hedifoni. Kompyuta za mezani zenye chipu ya sauti ya Realtek nazo mara nyingi zina tiki ya kutenganisha matundu ya mbele na ya nyuma, imejificha kwenye programu ya Realtek yenyewe.

Kugawa sauti ni bure kwenye Windows tangu toleo la 1803 la mwaka 2018. Kwenye Windows 11 bonyeza kulia alama ya spika karibu na saa, fungua Volume mixer, kisha kila programu ipe njia yake. Programu isiyotoa sauti wakati huo huenda usiione, kwa hiyo iwashe kwanza. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba Chrome yote inahesabiwa kuwa programu moja. Ukicheza YouTube na kufanya kikao ndani ya Chrome hiyohiyo, Windows itazipeleka pamoja. Fungua muziki kwenye Firefox. Zoom, Teams na VLC zina sehemu zao za kuchagua spika, hazihitaji hata kupitia huko.

Sasa manunuzi, kuanzia ninachokipendekeza kwa watu wengi.

1. Kadi ndogo ya sauti ya USB

Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vinavyoifanya kazi hii sawasawa. Kinafanana na flashi, kina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki, na unakichomeka tu bila kusakinisha chochote. Hedifoni weka huku, tundu la laptopu liachie amplifaya. Mwenye duka la nguo anayetaka bongofleva iendelee kwa wateja huku akisikiliza kikao cha wasambazaji hahitaji zaidi ya hapo.

Usilipe ziada kwa sababu boksi limeandikwa 7.1, yaani sauti ya kuzunguka ya spika nane. Tundu moja la kusikilizia linatoa kushoto na kulia tu, yaliyobaki ni mapambo ya programu. Kitu cha kuangalia ni pini ya hedifoni zako. Hesabu mistari myeusi: ikiwa miwili, hakuna maiki, ikiwa mitatu, ni za simu zenye maiki, na ukizichomeka kwenye tundu la kijani utasikia lakini hutasikika. Kwa hizo tafuta kadi yenye tundu moja la pamoja, au kile kiwaya cha Apple cha USB-C kwenda 3.5 mm, ambacho ndani yake ni kadi ya sauti kamili na kinafanya kazi hata kwenye Windows. Apple wamekuwa wakikiuza dola 9 Marekani. Vya kuigiza vimejaa kila mahali.

Kero yake moja: ukikichomeka, Windows huwa inahamishia kila kitu huko, muziki wa dukani unakatika. Rudisha chaguo kuu kwenye spika, kisha ukizoeshe tundu lilelile la USB. Ukikihamisha, kompyuta inaweza kukiona kama kigeni na ukaanza kupanga upya.

2. Kontrola ya dijei yenye kadi ndani

Kama shida yako ni kusikiliza wimbo unaofuata kabla hujauachia ukumbini, ruka namba moja. Kadi mbili tofauti zinaenda kila moja na saa yake, na ile tofauti ndogo ya kuchelewa inatosha kuharibu mchanganyo. Kontrola, ile meza ndogo ya kuchanganyia nyimbo, inamaliza tatizo hilo: Pioneer DDJ-FLX4 inatoa njia zote mbili, ya ukumbini na ya hedifoni, kwa kadi moja. Hercules DJControl Starlight ni ndogo ya kubeba mkononi, nayo ina tundu la spika na la hedifoni. Kwenye vilivyotumika kuwa makini: Hercules DJControl Compact ni ya kuendeshea programu tu, haina kadi ya sauti kabisa, na picha ya tangazo haitakuambia.

3. Kadi ya studio

Inunue kama unarekodi pia, si vinginevyo. Hapa watu wanaliwa hela nyingi kuliko kwingine kote, kwa sababu Focusrite Scarlett Solo na 2i2, nzuri kama zilivyo kwa kurekodi, hedifoni zake zinarudia kilekile kinachotoka kwenye spika. Behringer UMC204HD ina njia nne za kutoa na swichi ya kuchagua hedifoni zisikilize jozi ipi. Kwa kazi yetu hiyo ndiyo ninayoichagua.

4. Hedifoni za Bluetooth

Zinahesabika kama kifaa cha pili, na kama unazo, tumia. Kununua kwa ajili hii tu, hapana. Sauti inachelewa kidogo, na ukiwasha maiki yake, kwa nyingi muziki unashuka hadi ubora wa simu.

5. Waya wa kugawa wa dijei

Huu si ule wa Y wa kawaida, ingawa wanafanana kama mapacha. Unatoa upande wa kushoto kwenda spika na wa kulia kwenda hedifoni, na programu za dijei kama VirtualDJ na djay zinaujua. Bei yake ndogo, lakini kila upande unabaki mono, si stereo. Kujifunzia chumbani sawa; harusini, usithubutu.

Wenye Mac waongeze gharama moja: mfumo wenyewe haukupi nafasi ya kugawa programu mojamoja, na SoundSource ya Rogue Amoeba inayofanya hivyo ni ya kulipia. Wa Linux wana programu ya pavucontrol bure.

Amplifaya ikivuma, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikata, tatizo ni umeme, si kadi. Kuna kikopo kidogo cha kukaa katikati ya waya wa 3.5 mm kinachouzuia, kinaitwa ground loop isolator.

Na ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, nenda na laptopu yako. Chomeka, angalia kama jina jipya limeongezeka, cheza wimbo kwenye VLC na video kwenye Firefox, kila kimoja kipeleke kwake. Muuzaji akikukataza kujaribu, duka jingine liko mlango wa pili.