Seti ya vipuri vya kabureta kwa pikipiki za zamani: chukua mipira, acha jeti

Seti za bei nafuu zinazouzwa kwa pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970 kwa kawaida huwa na gasketi ya bakuli la kabureta, oringi, sindano ya boya (hufunga petroli bakuli likijaa) na jeti, yaani vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli. Mipira yake, yaani gasketi na oringi, inafaa. Jeti ziache humo humo kwenye pakiti.

Tatizo ni kwamba namba iliyogongwa kwenye jeti mara nyingi hailingani na tundu lake. Jeti ya 110 ikipitisha mafuta kama ya 120, plagi itatoka nyeusi tii kwa masizi, nawe utaanza kuhangaika na mfumo wa umeme usio na kosa lolote. Zioshe zile za asili kwa dawa ya kabureta, zipulize kwa hewa, kisha zichungulie kwenye mwanga: tundu liwe duara safi. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utalipanua.

Gasketi hukaa vizuri. Oringi pia, ila kama petroli yako ina ethanoli, tafuta za Viton, mpira unaohimili petroli ya aina hiyo. Za kawaida huvimba. Ukifunga sindano mpya ya boya, pima upya kimo cha boya kwa kufuata kitabu cha pikipiki hiyo. Urefu wa sindano hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo inatosha kufurisha petroli hadi ikachanganyika na oili ya injini.

Bisibisi haimo. Skrubu za bakuli ni za JIS (kiwango cha Kijapani), na bisibisi ya nyota ya kawaida (Phillips) huzila vichwa, hasa zikiwa zimeshika kutu.